Goma: ziwa mlangoni, bidoni mgongoni



Mwezi huu tunawaomba mfunge mzigo kidogo, twende pamoja Goma, kule Kivu ya Kaskazini. Pengine mmoja wenu atauliza: "Goma iko mbali sana, sisi tunatafuta nini kule?" Kumbe si mbali vile unavyofikiri. Chukua karte ya inchi yetu, weka kidole juu ya Ziwa Kivu. Maji ya ziwa hilo yanatoka upande wa kusini, pale Bukavu, yanaingia mto Ruzizi na kushuka mpaka Ziwa Tanganyika. Kutoka Tanganyika maji yanatoka tena pale Kalemie kwa njia ya mto Lukuga. Na Lukuga inaenda kuingia katika Lualaba karibu na Kabalo. Lualaba unaijua: njo ile ile inayopita karibu na Kolwezi. Basi, maji ya Goma na maji ya kwenu yanakutana njiani na kwenda pamoja baharini. Kama maji yanajuana, sisi watu tutakosa namna gani kujuana?

Hatuendi Goma kutazama tu uzuri, ijapokuwa uzuri uko. Tunaenda kutazama jambo moja: namna mtu wa kawaida, asiye na cheo wala gari, anavyoutunza mji wake wakati hakuna kampuni ya kumtunzia.

MJI JUU YA JIWE JEUSI

Njia nzuri ya kuiona Goma ni kuifikia kwa maji, kwa boti ya kutoka Bukavu. Utaona kwanza ziwa lenyewe, kubwa na tulivu, lenye kina cha karibu metre 485 pale linapozama zaidi. Halafu utaona mji, nyumba nyingi za mbao na mabati zikipanda polepole kutoka ufukoni. Na nyuma ya mji, kama mzee aliyekaa kwenye kiti chake, utaona mlima wa Nyiragongo, metre 3,470. Usiku, mawingu yakiondoka, mara nyingine kichwa chake kinakuwa chekundu. Mgeni anaogopa. Mtoto wa Goma anatazama, halafu anaendelea kula.

Shuka sasa kwenye bandari, utembee kwa miguu. Angalia chini: jiwe jeusi. Angalia ukuta wa kiwanja: jiwe jeusi. Vumbi la barabarani nalo ni jeusi, na jioni ukivua viatu utalikuta katika vidole. Hiyo ni lava, moto wa mlima uliopoa. Nyiragongo ilipasuka mwaka 1977, tena tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, tena tarehe 22 mwezi wa tano 2021. Ile ya 2002 ilipita katikati ya mji mpaka ndani ya ziwa. Ilifunika sehemu ya uwanja wa ndege, ilimeza maduka, masomo, nyumba za maelfu ya watu, na Katedrali ya Mtakatifu Yosefu pia.

Sikiliza sasa neno hili, ndugu msomaji, maana ndani yake utaona roho ya mji huu. Mwaka ule wa 2002 watu mamia ya maelfu walikimbilia Gisenyi, ngambo ya Rwanda. Mashirika ya msaada yalianza kutayarisha kambi. Lakini baada ya siku chache tu, watu walianza kurudi, wengine wakipita juu ya lava ambayo ilikuwa ingali na joto. Hakuna mkubwa aliyewaamuru. Walirudi, wakapima viwanja vyao kwa macho, wakaanza kupiga nyundo. Jiwe lililobomoa nyumba ndilo likawa msingi na ukuta wa nyumba mpya. Mpaka leo utaona wababa, wamama na vijana wakivunja lava kwa nyundo kandokando ya barabara, wakiuza kokoto kwa wajenzi.

Lakini jiwe lina deni lake. Kuchimba choo juu ya lava ni kazi ya majuma mengi. Kuchimba shimo la taka ni vilevile. Kupitisha tiyo ya maji chini ya ardhi ni gharama kubwa. Mto hakuna mjini, kwa sababu mvua ikinyesha inaingia katika nyufa za jiwe na kupotea. Wazee wa Goma wanakumbuka vizuri mwezi wa saba 1994, wakati wakimbizi wa Rwanda walipovuka mpaka kwa mamia ya maelfu ndani ya siku chache. Hapakuwa na choo wala maji safi, na ardhi ilikataa jembe. Kolera ikaingia. Katika mwezi wa kwanza tu, karibu watu 50,000 walikufa, na hata kaburi lilikuwa taabu kuchimba. Kwa hiyo, mtu wa Goma akikuambia kwamba maji na uchafu ni habari ya uzima na kifo, hasemi mfano. Anasema alichokiona.

SAFARI YA BIDONI

Amka sasa asubuhi mapema, saa kumi na moja, ukae kando ya barabara inayoshuka kwenda ziwani. Utaona mji wote ukitembea na bidoni za njano za litre 20. Wasichana wanazibeba mgongoni, mkanda ukivuta paji la uso. Watoto wanabeba ndogo za litre 5, nao wataenda masomo baadaye, kama nguvu ingali. Vijana wanazipanga sita, nane, kumi juu ya chukudu.

Chukudu ni nini? Ni kinga ya mbao isiyo na pedali, yenye gurudumu mbili za mbao zilizovikwa mpira wa gari. Mtu anaweka goti moja juu yake, anasukuma kwa mguu mwingine, na kwenye mteremko anaachilia, inashuka kama ndege. Inabeba viazi, makala, mbao, simenti na maji. Watu wa Goma wanaipenda mpaka mwaka 2009 iliwekewa sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya mji, pale wanapoita Rond-point Tchukudu. Miji mingine inasimamisha sanamu ya jenerali. Goma ilisimamisha mtu anayesukuma mzigo.

Kwa nini bidoni, na ziwa liko mlangoni? Swali hilo kila mgeni analiuliza. Regideso iko, robine ziko katika kartie kadhaa. Lakini maji ya ziwa yanapaswa kupandishwa na pompi, na pompi inataka umeme, na umeme unakatika. Tena mji ulikua haraka kuliko tiyo zake. Kila vita ya vijijini, Masisi, Rutshuru, Walikale, inaleta watu wapya mjini, na leo Goma ina watu zaidi ya milioni moja. Halafu lava ya 2021 iliharibu tiyo na tangi upande wa Buhene, na karibu watu nusu milioni wakabaki bila maji safi.

Basi watu wanateka ziwani. Ukifika pale ufukoni, utaona jambo ambalo linapendeza moyo: katika sehemu fulani, wakati kolera inapotishia, mtu wa kujitolea anasimama na ndoo ya dawa ya klori na sindano isiyo na shindano ya kuchoma. Kila bidoni inayotoka majini, anaitilia kipimo chake cha dawa. Bidoni moja, kipimo kimoja. Bidoni mia, vipimo mia. Jua linamchoma, watu wanamsukuma, wengine wanamtukana kwamba maji yatanuka. Yeye anatia tu. Kazi hiyo haina sherehe, lakini watoto wengi wako hai kwa sababu yake.

SASHE MOJA INAVYOZIMA TAA

Tutoke ufukoni, tupande kuelekea Birere, kule wanapouza kila kitu karibu na mpaka. Hapo utaona adui mwingine wa mji: sashe za plastiki, chupa, makopo. Kwa sababu jiwe linakataa shimo, taka inabaki juu. Mvua ikija, inaisukuma katika mifereji. Mifereji ikijaa, maji yanaingia nyumbani kwa watu. Na yale yanayopita yanaishia ziwani.

Halafu yanaenda wapi? Kumbuka ile karte tuliyofungua mwanzoni. Maji ya ziwa yanaenda kusini, nayo plastiki inafuata. Pale Bukavu, mwanzo wa mto Ruzizi, kuna kituo cha umeme cha Ruzizi I, kilichojengwa wakati wa Wabelgiji. Taka ya plastiki inaziba milango ya maji, mashine zinasimama, umeme unapungua. Na umeme huo wa SNEL ndio unaotumwa Bukavu na Goma. Umeona sasa? Sashe unayoitupa leo mferejini inaweza kuzima taa yako kesho, na pompi ya maji ikasimama, na mtoto wako akarudi ziwani na bidoni. Hakuna uchawi hapo. Ni mzunguko tu, na mkono ulioanzisha ni wa mtu wa mji.

Watu wa Goma wanavuka mpaka kila siku kwenda Gisenyi, wanaona barabara safi. Rwanda ilikataza sashe za plastiki tangu 2008. Inchi yetu nayo ina sheria: tarehe 30 mwezi wa 12, 2017, dekreti ilitiwa saini ya kukataza kutengeneza, kuingiza na kuuza sashe za plastiki. Karatasi iko. Lakini nenda sokoni uombe nyanya za franga kidogo, utapewa ndani ya sashe. Sheria bila watu wa kuikumbusha inalala katika kabati.

SALONGO YA AMRI NA SALONGO YA MOYO

Wazee wetu wanalijua neno salongo. Lilienea wakati wa Mobutu, miaka ya 1970: siku moja ya juma, wote mnatoka na majembe na mafagio, mnasafisha mji. Jambo lenyewe lilikuwa zuri, lakini lilikuja na fimbo na malipo ya kosa. Watu wakajifunza kufagia mbele ya polisi, na kuacha polisi akigeuka. Hiyo ni salongo ya amri.

Katika avenyu nyingi za Goma, Majengo, Mabanga, Katoyi, Ndosho, utakuta salongo ya namna nyingine. Haina ngoma wala kofia ya chama. Inaanza na mtu mmoja aliyechoka na uchafu. Mara nyingi ni mama, kwa sababu mama ndiye anayemuuguza mtoto akiharisha. Anafagia mbele ya kiwanja chake. Kesho yake anafagia na mbele ya jirani. Jirani anaona haya, anatoka na ufagio wake. Wengine wanacheka: "Weye, Leta inakulipa ngapi?" Anajibu: "Leta hailale hapa. Miye njo ninalala hapa."

Ukitazama vizuri, utaona kazi ya watu hao ina hatua tatu, na kila hatua ina maana yake.

Ya kwanza ni kufagia na kuzibua. Mfereji unazibuliwa mbele ya mvua, si nyuma ya mafuriko.

Ya pili ni kuchanga. Kila nyumba inatoa franga kidogo kwa mwezi, na kijana mmoja mwenye chukudu analipwa kuchukua taka. Kazi imepatikana, njia imesafishwa. Hapa ndipo vurugu inapoanza, maana pesa zikichangwa, maneno yanakuja: "Zimeenda wapi?" Kwa hiyo wenye akili wanaandika kila franga katika daftari na kulisoma mbele ya wote. Daftari moja la wazi linashinda viapo kumi.

Ya tatu ni kuuliza, na hii njo ngumu. Kwa sababu kuna mambo ufagio hauwezi. Ufagio hauleti tiyo. Ufagio haujengi tangi. Hapo watu wanakaa, wanaandika barua kwa shefu wa kartie, na nakala kwa burgumestre wa komini, Goma ao Karisimbi. Wanaipeleka wenyewe, na hawatoki bironi mpaka nakala yao imepigwa muhuri wa kupokelewa. Usidharau muhuri huo. Barua bila muhuri ni maneno ya njiani. Barua yenye muhuri ni shahidi. Baada ya mwezi wanarudi: "Mkubwa, tuliandika tarehe fulani. Jibu liko wapi?"

Wengine katika inchi yetu wanafagia tu bila kuuliza. Hao wanafanya vizuri, lakini wanaweza kumzoeza mkubwa kulala. Wengine wanauliza na kulalamika tu bila kufagia. Hao nao, nani atawasikia, na mbele ya mlango wao kuna jalala? Anayefagia na kuuliza pamoja, huyo ni vigumu kumfunga mdomo. Ana haki mkononi, na ufagio ni shahidi wake.

VIJANA WALIOTHUBUTU KUULIZA KWA SAUTI

Kutoka katika mji huu huu, mwaka 2012, vijana wachache, wengi wao wanafunzi na watu waliotoka chuo bila kazi, walianza kukutana. Waliita kikundi chao Lucha, maana yake kupigania mabadiliko. Hawakuchagua prezida. Hawakutaka pesa za vyama vya siasa. Walisema: hatutashika silaha hata siku moja. Fikiri kidogo: katika mkoa ambao kijana akikasirika anaonyeshwa njia ya kwenda porini kuchukua bunduki, hawa walichagua kibao cha karatasi na kukaa chini barabarani. Na katika miaka ya kwanza walichokidai ni mambo ya kila siku: maji ya kunywa, barabara, kazi kwa vijana, usalama.

Wakubwa wengi hawakupenda. Mwezi wa pili 2016, kabla ya kupambazuka, vijana sita walikamatwa ndani ya nyumba wakitayarisha vitambaa vya kuandika madai yao. Kati yao alikuwa binti mmoja, Rebecca Kabugho. Waliukumiwa miaka miwili, halafu hukumu ikashushwa kuwa miezi sita, nao wakakaa katika boloko ya Munzenze, pale pale Goma. Mwaka uliofuata, 2017, Rebecca alipewa Marekani zawadi ya wanawake wenye ujasiri. Na mwaka 2016 shirika la Amnesty International lilikuwa limekipa kikundi chao heshima, pamoja na vijana wa Senegal na wa Burkina Faso. Huko Burkina Faso kikundi cha vijana kilijiita Balai citoyen, yaani ufagio wa mwananchi. Unaona namna ufagio unavyotembea Afrika!

Mwingine aliitwa Luc Nkulula. Alisoma sheria, na alikuwa na maneno ya wazi, yasiyo na matusi. Usiku wa kuamkia tarehe 10 mwezi wa sita 2018, nyumba yake ya Goma iliungua, naye akafa ndani. Alikuwa hajafikisha miaka 35. Rafiki zake hawakuacha kudai ukweli juu ya moto ule. Tunamtaja hapa, ndugu mzazi, kwa sababu pengine nawe una kijana nyumbani anayeuliza maswali mengi, na unamwambia: "Nyamaza, utatuletea matatizo." Hofu yako ni ya kweli. Hatutakudanganya kwamba kuuliza hakuna gharama. Lakini tazama pia gharama ya kunyamaza: inalipwa kidogo kidogo, kila asubuhi, na mtoto mwenye bidoni.

Tusifikiri kwamba kazi hii ni ya kikundi kimoja. Mwaka 2021, wakati lava ilipounguza vijiji vya pembeni, na siku tano baadaye gavana wa kijeshi alipoamuru karatie kumi za mji zihame, watu walilala Sake, Minova, Rutshuru na Gisenyi bila kitu. Vijana wa Goma, kama wale wa kikundi cha Goma Actif, walikusanya chakula na nguo, nyumba kwa nyumba, wakavipeleka kwa walioungua. Hawakuwa matajiri. Walikuwa na simu, miguu, na majina mazuri kwa majirani wao.

WAKATI MJI ULIPOANGUKA

Hatuwezi kukuonyesha Goma na kuficha kidonda chake. Mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, baada ya mapigano makali, M23 iliingia na kuushika mji. Watu wengi sana walikufa. Maji na umeme vilikatika, risasi zilipita katika mabati, na bado watu walipaswa kushuka ziwani kuteka, kwa sababu kiu haingoji vita iishe. Watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu walizika maiti siku baada ya siku. Kambi za wakimbizi zilizouzunguka mji zilibomolewa, watu wakatawanyika. Benki zilifunga milango. Wengi wa wale waliokuwa wakiuliza kwa sauti walikimbia ao wakanyamaza, na mtu asiwalaumu.

Katika majuma ya kwanza watawala hao wapya waliitisha salongo mjini. Watu walitoka, wakafagia. Mji ulihitaji kufagiliwa, hilo ni kweli. Lakini wewe unayesoma unajua sasa kutofautisha: ufagio unaotoka kwa amri, na ufagio unaotoka na haki ya kuuliza. Yule mama wa avenyu alikuwa akifagia mbele ya amri, naye ataendelea hata amri zikibadilika. Yeye amewaona wakubwa wengi wakija na kwenda. Mfereji uko pale pale, na mvua inarudi kila mwaka.

NA SISI KWETU JE?

Turudi nyumbani sasa. Huku Katanga, siku iliyo mbele ya siku ya Mungu tunaiita siku ya Posho. Jina hilo linatoka kwa kampuni: njo siku wafanyakazi walipewa unga, samaki na mafuta. Kampuni ilitoa posho, ilitoa nyumba, ilitoa lopitali na masomo, ilileta maji robineni, na ilituma watu kufagia kambi. Wababa zetu waliishi vizuri, hatukatai. Lakini tulijifunza pia kungoja. Balbu ikiungua, tunangoja kampuni. Mfereji ukiziba, tunangoja kampuni. Halafu kampuni ikaanguka. Miaka ya 1990 mishahara ilichelewa miezi na miezi, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walianza kuondoshwa kazini kwa ile mipango ya "kutoka kwa kupenda". Kambi nyingi bado zinangoja mtu wa kuja kuzibua mifereji.

Goma haikuwa na kampuni ya kuilea hivyo. Madini ya Masisi na Walikale yanapita mjini, yanapimwa, yanapanda magari, yanakwenda. Robine haikutoka humo. Kwa hiyo watu wa kule walijifunza mapema jambo ambalo sisi tunajifunza kwa kuchelewa: mji unatunzwa na anayelala ndani yake.

Nasi tuna mambo ya kuuliza. Kamyo za madini zinapita mbele ya milango yetu na vumbi lao. Mwezi wa 11, 2025, maji machafu ya kiwanda kimoja yalimwagika katika kartie za Lubumbashi, watu wakatembea ndani yake wakienda kazini. Mbele ya jambo la namna hiyo ufagio peke yake hautoshi. Hapo inahitajika ile hatua ya tatu: kukaa pamoja, kuandika, kupeleka, kupata muhuri, kurudi kuuliza. Na ili barua yenu iwe na uzito, anzeni na zile hatua mbili za kwanza, mfereji wenu na daftari lenu.

Si lazima uanze na avenyu nzima. Anza na metre kumi mbele ya kiwanja chako. Anza siku ya Posho hii hii. Jirani akikucheka, umepata mtu wa kwanza wa kuzungumza naye.

YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Maji tunayokunywa hapa kwetu yanatoka wapi, na nani katika nyumba yetu anayeyachota? Ni haki yeye peke yake achoke?

2. Taka yetu ikitoka kiwanjani, inaenda wapi? Fuateni njia yake pamoja na watoto, mpaka mwisho.

3. Ni jambo gani katika avenyu yetu ambalo tunaweza kulitengeneza wenyewe kwa majembe na mafagio? Na ni lipi ambalo tunapaswa kuuliza kwa wakubwa?

4. Kama tutaandika barua, nani ataiandika, nani ataipeleka, na siku gani tutarudi kuuliza jibu?